Risasi na Shahidi Wake

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: umeshika bastola mpya, umevuta slaidi, umeiachia, na risasi imegoma kupanda. Utamlaumu nani kwanza, chuma au mkono wako?

Mimi niliulaumu mkono. Ndivyo tulivyolelewa Ugogo. Chombo cha watu kikiharibika mikononi mwako, kwanza tazama mikono. Na siku hiyo mikono yangu ilikuwa na sababu ya kukosea, maana mbele yangu, umbali wa kutupa jiwe, alikuwa amelala Mjumbe kwenye tope la koki kubwa ya maji.

Mjumbe alikuwa nyati. Dume zee, ncha ya pembe moja imevunjika, mgongo umepukutika manyoya ukabaki ngozi nyeusi yenye mabaka, kama sufuria iliyounguza maharage. Wenzake walimfukuza kundini, akaja kukaa kwangu. Nilimpa jina hilo kwa namna alivyokaa pale kwenye koki. Ungedhani mjumbe wa nyumba kumi yuko barazani kwake, na kila apitaye sharti ajieleze.

Na mimi sikuwa na njia nyingine. Maji ya vitongoji vyote vya bonde la Mbwasa yanaanzia kwenye koki ile, na koki ile haijifungui yenyewe. Zamani zilikuwepo koki za mota, zinafunguliwa na mtu aliyekaa mjini kwa kubonyeza tu. Tembo wa ushoroba, ile njia yao ya kuhama, wakajifunza mlio wa mota, wakajua hapo chini pana maji, wakazing'oa zote kama mtu anavyong'oa karanga. Ndipo serikali ikarudi kwenye mkono wa mtu. Mtu mmoja kila kituo, na mtu mwenyewe awe mzee, kwa kuwa vijana hawakai mahali ambapo jirani wa karibu ni mwendo wa kutwa. Asubuhi fungua, jioni funga. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Lusanje tangu mume wangu, mzee Chedego, alipofariki nikabaki na nyumba yetu ya juu ya nguzo.

Basi slaidi ilirudi nusu ikasimama. Nikaitazama. Risasi ilikuwa imechungulia tu, pua juu, imebanwa ubavu, kama kifaranga ambaye nusu yupo nje na nusu bado yumo kwenye yai. Mjumbe akainua kichwa. Tope likamdondoka kidevuni. Nikarudi kinyumenyume, polepole, bila kumpa mgongo, mpaka kisigino kikagusa ngazi.

"Umefika ngazini, bibi?" sauti iliuliza kutoka kwenye mpini wa bastola.

"Nimefika. Imekwama tena."

"Nimeona."

"Umeona! Na wewe kazi yako ni kuona tu, kama paka wa jikoni."

Akacheka kidogo, cheko la mtu anayeogopa kusikiwa na wenzake.

Huyo alikuwa shahidi wangu.

*

Nilitandika khanga kuukuu mezani, nikaiweka bastola juu yake, jicho lake likitazama dirishani. Ni bastola ndogo, ya rangi ya majivu, na risasi zake haziui. Zinalaza. Hata nyati akipigwa moja ya shingo anapiga magoti, analala mpaka jua lipinde, anaamka na kichwa kizito. Lakini risasi inayomlaza nyati ikimpata mtu, haamki tena. Ndiyo maana hakuna anayeruhusiwa kupiga hata moja peke yake. Juu ya mtutu pana jicho la kioo, dogo kama punje ya uwele, na mbali huko mjini pana mtu anayetazama kwa jicho hilo. Ukivuta slaidi, yeye akiona unachokilenga na kuridhika, anasema "Naona". Ndani ya magazini kuna kidole cha chuma kinachozikalia risasi. Neno lile likifika, kidole kinaachia, springi inasukuma, risasi inapanda. Bila "Naona" hakuna risasi.

"Haya," akasema shahidi, "twende kama kawaida. Toa magazini kwanza."

"Imetoka."

"Chemba?"

"Nimechungulia, nimetia na kidole. Tupu."

"Linganisha midomo ya magazini hiyo na ile ya akiba. Ikipanuka hata kidogo risasi inapanda imeinama."

Nikaziweka sambamba, nikazipitisha mwangani. Midomo ilifanana kama ya mapacha. Nikabonyeza springi kwa kidole gumba; ilikuwa kali, ya chuma kipya. Akasema magazini mpya huwa hivyo, niijaze niiache imejaa ilale, springi ilainike. Nikaijaza. Kisha akaniuliza naachiaje slaidi.

"Naisindikiza," nikasema. "Taratibu, isigonge."

"Unaisindikiza?"

"Kama unavyofunga mlango ambapo mtoto amelala."

"Bibi! Slaidi haisindikizwi. Ivute mpaka mwisho, uiachie ghafla iende yenyewe na nguvu zake. Ukiisindikiza inafika imechoka, risasi haiingii."

Nikajaribu bila risasi. Ikapiga kelele mbaya, shwaa-kach. Nikaona aibu, kama nimepiga kitu cha mtu.

"Na mafuta je? Umeipaka mafuta gani?"

Nikajifanya nanyoosha upindo wa khanga.

"Bibi Damari?"

"Mafuta si mafuta tu?"

"Gani?"

"Ya alizeti. Mazuri, nilikamua mwenyewe."

Hapo alicheka mpaka nikasikia mwenzake akimwambia nyamaza. Lakini niambie, nani kwetu hapaki alizeti? Bawaba ya mlango, mnyororo wa baiskeli, kisigino kilichopasuka, goti la mzee. Kumbe ndani ya bastola alizeti hugeuka gundi. Vumbi letu jekundu lilikuwa limenasa humo, limeshikana kwenye kile kijiteremko risasi inapopandia, unene wa ukoko wa uji. Nikachokonoa kwa njiti ya kibiriti iliyofungwa pamba, nikafuta, nikafuta tena, mpaka chuma kikang'aa. Kisha nikatia tone la yale mafuta meupe yaliyokuja na boksi, ambayo nilikuwa nimeyatunza juu ya kabati kwa kuyaona ya thamani.

"Kesho itameza," nikasema.

"Inshallah," akasema. Sauti yake haikuchangamka, na mimi nilidhani ni uchovu wa kutwa.

*

Ni lazima nikueleze jinsi mashahidi wanavyokuja na kuondoka, maana hapo ndipo jambo lote lilipo.

Walioitunga sheria waliogopa mtu na shahidi wake wasije wakazoeana, wakala njama ya kumlaza asiyestahili. Kwa hiyo risasi ikishatoka, mstari unakatwa. Shahidi yule anapewa mlinzi mwingine mahali pengine, nawe unapewa mwingine. Majina hawatakiwi kusema. Usipopiga, unabaki naye yuleyule. Kabla ya huyu nilishapata wengi. Mmoja alikuwa mwanamke anayepiga miayo. Mwingine hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho ila "Naona", mstari ukakatika, basi, kama mtu uliyepishana naye kwenye kona.

Huyu alinijia majira ya kiangazi, wanyama wakiwa mbali, na hapakuwa na sababu ya kupiga. Tukakaa. Asubuhi moja jua linachomoza nikafungua dirisha, akajisahau akaniamkia kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka."

Nikasimama na ufagio mkononi. "Wee! Kumbe Mnyamwezi!"

Akajibu pole pole: "Tusiseme mambo hayo, bibi. Wanasikiliza."

"Wasikilize. Nimepata mtani! Ninyi wapagazi, mlibeba mizigo ya watu mpaka vichwa vikawa bapa, leo mmepewa macho ya kubeba."

Nikadhani nimemkosea. Halafu akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetabasamu, "Na ninyi Wagogo mpaka leo mnaomba. Si unaona? Hata risasi lazima uniombe mimi."

Ah! Nilicheka mpaka nikaketi kwenye kizingiti. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu msiba wa mzee Chedego. Na msibani kwenyewe sikucheka, ingawa ni haki ya msiba kwetu kuwa na wa kuuchekesha. Idara ilileta ndege yao ndogo na jeneza, na vijana wawili wenye glavu waliofukia haraka kwa sababu ya upepo. Hapakuwa na mtani wa kulala kwenye kaburi lililo wazi akidai alipwe ndipo atoke, wala wa kuvaa koti la marehemu na kutembea kama alivyokuwa akitembea. Tulisimama kama mizigo inayongoja gari.

Basi tangu siku ile, nikipika namweka mezani atazame. Husema, "Geuza kidogo, nione mlenda." Nami nainua mwiko uvutike ule mlenda, yeye anameza mate huko aliko. Aliniambia anakaa kwenye jengo refu, kila mtu na kibanda chake na vipokea sauti masikioni, na wanalala ghorofa ya juu yake. Mkewe alifariki. Watoto wana miji yao. Nywele zimeanza mvi. Akiniaga jioni huuliza, "Bibi, mlango umefunga?" Na mimi hufunga mlango, nikiwa na mtu wa kunipongeza kwa kuufunga.

*

Kesho yake haikumeza. Wala iliyofuata.

Nilifanya yote. Kifundo nimekaza, slaidi nimeachia ghafla, chuma kinang'aa. Shwaa-kach, na risasi ikasimama pua juu. Mara ya pili Mjumbe aliinuka kabisa, akanipigia kwato, nikamwaga ndoo na kukimbia, mimi na magoti haya. Alinifuata mpaka nguzo za nyumba. Akasugua pembe kwenye nguzo, nyumba ikatikisika, vikombe vikalia kabatini. Kisha akarudi topeni kwake.

"Umeumia?" shahidi aliuliza. Alikuwa anahema kuliko mimi.

"Sijaumia. Nimechanika gauni."

"Pole. Pole sana, bibi. Pole."

Alisema pole nyingi kupita gauni.

Kwa kuwa sikuweza kufika kwenye koki mpaka Mjumbe aende malishoni mchana, maji yakawa yanachelewa. Redio ya nyumbani ikaanza kulia. Kwanza Mama Yoeli wa Mbwasa, mwenye sauti kama kengele ya kanisa: "Bibi Damari, kulikoni? Ndoo zimepanga mstari tangu alfajiri, watoto wameenda shule hawajanawa hata uso! Au umepata mchumba huko juu?"

"Nimepata. Ana pembe."

"Basi mwambie mahari ni maji!"

Kisha akaja bwana Sekwao, msimamizi wa kanda, kijana mwenye adabu anayezungumza haraka. "Shikamoo, bibi. Naona hapa bastola yako imekwama mara nyingi. Hiyo ni toleo jipya, nyingine hazina shida. Tatizo ni chombo au ni nini? Nataka kuandika. Kama ni chombo tutakibadilisha, kama ni mtumiaji, samahani, tutakuleta mjini upumzike. Ila ndege haifiki kabla ya wiki ijayo."

"Marahaba, baba. Nipe mpaka kesho nikuambie."

"Kesho asubuhi, bibi. Watu hawana maji."

Nilikaa na magazini mkononi. Nikaitazama kama mtoto anayekataa chakula: ni meno, ni tumbo, au kuna aliyemkanya? Ndani ya boksi, chini ya sponji, zilikuwepo risasi bubu, za plastiki ya buluu, za kujifunzia. Hazina pete ya chuma kiunoni, kwa hiyo kile kidole cha magazini hakizikalii. Hazimhitaji shahidi.

Nikatoa za kweli zote nikaziweka kwenye bakuli, mbali, juu ya friji. Nikajaza bubu. Nikaelekeza mtutu kwenye gunia la mchanga tulilopewa kwa kazi hiyo. Nikavuta, nikaachia.

Ikameza.

Nikavuta tena, ya kwanza ikaruka nje, ya pili ikameza. Ya tatu. Ya nne. Mpaka ya mwisho, moja baada ya nyingine, laini kama mlenda. Nikaziokota sakafuni, nikajaza, nikarudia. Hakuna hata moja iliyogusa ukuta wa chemba vibaya. Midomo mizima, springi nzima, kijiteremko safi, mkono wangu mzima.

Nikaziokota tena nikazipanga kwenye khanga. Kati ya risasi ya buluu na ya kweli, tofauti ilikuwa moja tu. Na hiyo tofauti ilikuwa inanitazama kwa jicho la punje ya uwele.

*

Sikumwambia palepale. Niliteka maji ya kunywa, nikapepeta uwele, nikawasha moto. Mlenda ulipoiva sikuinua mwiko.

Yeye ndiye aliyeanza. "Bibi, leo huongei."

"Mtani," nikasema, "kwenu mtu akikuta kuku wa mtani wake njiani, anafanyaje?"

"Anamchukua," akasema taratibu.

"Na mwenye kuku?"

"Anacheka."

"Anacheka. Hawezi kukasirika, akikasirika amevunja utani. Haya, wewe umenichukulia risasi. Nami nataka kucheka. Nisaidie, niambie mahali pa kuchekea ni wapi."

Kuni zikaporomoka jikoni.

"Nachelewesha," akanong'ona. "Kidogo tu. Nikichelewesha 'Naona' kwa muda wa kupepesa jicho, kidole kinaachia wakati slaidi imeshapita. Risasi inapanda upande. Kwenye mtambo wa msimamizi inaonekana ni chombo kilichokwama."

"Na gundi ya alizeti?"

"Hiyo ilikuwepo kweli. Niliifurahia nilipoiona. Ilinipa siku."

"Siku za nini?"

"Bibi, ukipiga, mstari unakatika."

Nikaketi. Si kwamba sikuwa nimelijua. Nilikuwa nimelijua tangu risasi ya buluu ya pili. Lakini kujua na kuambiwa si kitu kimoja.

"Juzi nilikuwa nife," nikasema. "Wewe ukiangalia."

"Najua. Sijalala. Niliposikia vikombe vinalia nilitaka kulisema lile 'Naona', ila ulikuwa umeshainamisha mtutu, nisingeweza. Kabla yako nilipewa mzee mmoja, kituo cha huko porini sana. Siku ya kwanza tu akamlenga tembo. Mimi nikafanya kazi yangu, nikasema 'Naona' haraka, vizuri kabisa. Risasi ikatoka. Mstari ukakatika. Mpaka leo sijui, bibi. Tembo alilala? Alimwangukia? Yule mzee yupo? Niliuliza, nikaambiwa si kazi yangu. Na kabla yake mwingine, na kabla yake mwingine. Watu wote niliowaona wananishia hapo, mkono umenyooka, mlio, giza. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwona mpaka akala chakula chake akamaliza."

Sasa niambie, ungefanya nini? Nilikuwa na la kumwambia bwana Sekwao asubuhi. Maneno matatu: tatizo ni shahidi. Wangemtoa kwenye kibanda kabla chai haijapoa, na ilikuwa haki, kwa kuwa mkono unaochelewesha kwangu utachelewesha na kwa mwingine ambaye hana ngazi karibu. Mbwasa hawana maji kwa ajili ya upweke wa mtu mmoja. Wa watu wawili, maana sikuweza kujitoa. Nilipomwaga ndoo nikakimbia, usiku ule nilipata mtu wa kunipa pole. Kama angepewa mwingine, yule wa kupiga miayo, Mjumbe angekuwa amelala siku ya kwanza na mimi ningekuwa nimekula mlenda wangu peke yangu nikitazama ukuta. Saa nyingine, nikisugua kile chuma, nilikuwa namwomba Mungu kiendelee kukwama. Basi nani angemhukumu nani?

Lakini koki ni koki. Mtoto wa Mbwasa hanawi uso kwa utani.

"Jina lako nani?" nikamwuliza.

"Haturuhusiwi."

"Nimekuuliza jina."

"Mihambo."

"Sikiliza, Mihambo. Msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema kweli, hata mbele ya marehemu. Nami nakwambia kweli. Kesho asubuhi nashuka. Sitamwambia bwana Sekwao. Sitakuwa mimi wa kukunyang'anya mkate. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, ikishapita kesho, na umweleze pia habari za yule mzee wa tembo, ili wajue sheria yao inawafanya nini watu. Lakini kesho nikivuta, ukichelewa, mimi nakufa. Ukiwahi, tunaachana. Mimi sina njia ya tatu, nimeitafuta kutwa nzima kwa njiti ya kibiriti."

"Ungoje ndege ya wiki ijayo," akasema. "Waje na gari, wamfukuze."

"Na ndoo?"

"Geuza kidogo," akasema baadaye, polepole. "Nione moto."

Nikamgeuza. Tukautazama mpaka ukawa makaa.

*

Asubuhi palikuwa na ukungu mwembamba juu ya tope. Nilivaa gauni nililoshona mahali lilipochanika. Nilishuka ngazi bastola ikiwa mbele, magazini ya risasi za kweli imekaa, kidole changu nje ya triga kama alivyonifundisha.

"Mwangaluka, Mihambo."

"Mwangaluka, bibi."

Nilisikia anavyopumua.

Mjumbe hakungoja nijieleze. Aliinuka pale topeni yote kwa mara moja, maji yakimtiririka ubavuni, akateremsha kichwa. Ukimwona nyati ameteremsha kichwa hivyo, hakuna mazungumzo. Ardhi niliisikia kwenye nyayo kabla sijasikia kwato. Nikanyoosha mkono. Nikavuta slaidi mpaka mwisho.

Nikaiachia. Sikuisindikiza.

"Naona!"

Alipiga kelele. Alilitoa neno kabla kidole changu hakijaachana na chuma, na nikasikia risasi inapanda, tak, kitu kilichokamilika kama mlango uliofika kwenye komeo lake. Nikafyatua. Mkono ukaruka, slaidi ikajikoki yenyewe. Mjumbe alikuja hatua chache na nguvu zilizobaki, miguu ikaanza kutafuta ardhi ilipo, akapiga magoti, akateleza kwa kidevu hadi tope likanirukia viatuni.

Kengele ya kukata mstari ikaanza kulia mpinini. Ni ndogo, inakupa muda wa kumeza mate tu.

"Bibi!" sauti yake ikapanda juu ya kengele. "Bibi, amelala? Niambie haraka, amelala?"

Nikamgeuzia jicho aone, nikamwambia pia, maana kuona peke yake nilijua hakumtoshi. "Amelala. Anakoroma kama mlevi wa Krismasi. Sikio linafukuza nzi. Na mimi nimesimama, mzima, viatu vimechafuka. Sasa nakwenda kufungua koki. Umesikia? Nakwenda kuifungua."

"Nimesikia." Alikuwa analia, mtu mzima yule. "Ahsante. Ahsante, bibi."

Kengele ilikuwa inaongeza kasi. Nilikuwa nimeyatafuna maneno tangu asubuhi ile ya ufagio, na kila mara nikayameza, kwa kuwa mzee haombi, na Mgogo akimwomba Mnyamwezi ni utani tayari. Nikaishika bastola kwa mikono miwili, nikaileta karibu na mdomo.

"Mihambo, mimi ni Damari Chedego wa kituo cha Lusanje. Mlinzi akifa hutangazwa redioni. Siku ukilisikia hilo jina, acha kila kitu, uje. Uvae gauni langu utembee kama mimi, uwaambie nilipaka bastola alizeti, ulale kwenye kaburi langu ukatae kutoka mpaka wakulipe. Sitaki kuzikwa na watu wasiocheka. Nataka uje unizike wewe."